Unameza Prednisoloni na Unangoja Upasuaji wa Tumbo? Chanuka Kabla Hujaingia Thieta

Wasee, leo stori ni ya tumbo. Si ile ya kula viazi karai vya jana halafu usiku unakimbizana na choo. Hii ni ile ya wiki kwa wiki: kuhara, damu kwenye choo, maumivu, kukonda hadi suruali inadondoka, na homa za jioni ambazo hazieleweki. Unaingia chemisti hapa Kona ya Musa, unapewa dawa ya amiba. Ikirudi, unaambiwa ni taifodi. Ikirudi tena, mtu anakuchapia kuhusu tembe ndogo za prednisoloni, unazimeza, na manze, ndani ya siku chache unajiskia fiti.

Kwa wengine hiyo tumbo huwa ni IBD, ugonjwa wa utumbo kuvimba ambao hauishi. Na ukweli usiopendeza ni kwamba wengi wenye IBD siku moja hujikuta kwenye kitanda cha thieta. Swali linakuwa: zile dawa zote umekuwa ukimeza ili kutuliza kinga ya mwili, zitafanya nini kwa mshono wako?

Jibu fupi, kama unashuka matatu sai: dawa hizi hazifanani. Steroidi kama prednisoloni ndo zina kesi kubwa zaidi, na ndo hizo hizo za bei nafuu na rahisi kupata huku kwetu. Nyingine nyingi hazina hatia vile watu walidhani. Na kuacha steroidi ghafla bila daktari kunaweza kukumaliza kabla hata kisu hakijakugusa.

Sasa tuingie ndani.

IBD ni nini, na kisu kinaingilia wapi?

IBD ni familia ya magonjwa mawili makubwa. La kwanza ni ugonjwa wa Crohn, uliopewa jina la Burrill Crohn, daktari wa New York ambaye pamoja na wenzake wawili waliueleza mwaka 1932. Huu unaweza kushika popote kuanzia mdomoni hadi nyuma, lakini hupenda sana pale utumbo mdogo unapoungana na mkubwa, chini upande wa kulia. La pili ni kolaitisi ya vidonda, ambayo hukaa kwenye utumbo mpana pekee na kuufanya utoke vidonda na damu.

Yote mawili yana chanzo kimoja cha vurugu: kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupiga vijidudu, inageuka na kuanza kupiga utumbo wenyewe. Mara nyingi inaanza ukiwa kijana, kati ya miaka 15 na 35. Yaani ule umri wako wa kutafuta mboka hotelini Diani, kushikilia tuktuk ya mtu ama kumaliza koleji.

Dawa zinatuliza, lakini si kila mara zinatosha. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotoka mwaka 2013 ulikuta kwamba karibu watu 47 kati ya 100 wenye Crohn walifanyiwa upasuaji ndani ya miaka 10 tangu wagundulike. Kwa kolaitisi ya vidonda walikuwa karibu 16 kati ya 100. Siku hizi namba zimeshuka mahali dawa mpya zinapatikana, lakini kisu hakijaenda likizo.

Sababu za kupasuliwa ni kama hizi: utumbo umebana hadi chakula hakipiti, umetoboka, kuna jipu ndani ya tumbo, kuna njia ya usaha imejichimbia hadi kwenye kiungo kingine, ama damu inatoka na dawa zimeshindwa.

Kwa nini dawa za kinga na kidonda haziivani

Ukikatwa, kinga ndo fundi wa kwanza kufika. Seli zinakuja kusafisha vijidudu, zinaita wenzake, halafu mwili unaanza kushona kwa kutengeneza kolajeni, ile kamba inayoshika nyama pamoja. Dawa yoyote inayowaambia mafundi "tulieni" inaweza kuchelewesha hiyo kazi.

Kwenye utumbo hatari ni kubwa zaidi, juu ndani kuna bakteria mabilioni. Daktari akikata kipande kibovu na kuunganisha ncha mbili, ule mshono ukifungua hata kidogo, uchafu unamwagika tumboni. Hiyo ndo inaitwa mshono kuvuja, na ni kati ya mambo ambayo madaktari wa upasuaji huogopa zaidi. Inaweza kumaanisha kurudi thieta, kukaa ICU, hata kifo.

Kwa hivyo swali la kila dawa ni mawili: inaongeza maambukizi? Na inaongeza kuvuja kwa mshono?

Steroidi: hapa ndo kuna kesi

Hapa tunaongelea prednisoloni, hidrokotisoni na deksamethasoni. Kazi yao ni kuzima moto haraka. Mwaka 1955 Sidney Truelove na Leslie Witts, madaktari wa Oxford kule Uingereza, walichapisha majaribio yaliyoonyesha kotisoni inasaidia wagonjwa wa kolaitisi ya vidonda. Tangu hapo dawa za hii familia zimeokoa watu wengi sana, kwa hivyo usizidharau.

Shida ni kukaa nazo. Steroidi ni kama Fuliza: inakuokoa saa ile ile, lakini kila siku unayokaa nayo deni linapanda, na siku ya thieta ndo linakatwa.

Inafanya nini hasa?

Kwanza, inapunguza utengenezaji wa kolajeni, kwa hivyo mshono unachelewa kushika. Pili, inapandisha sukari kwenye damu, na vijidudu hupenda hapo. Tatu, na hii wengi hawaijui, inaficha dalili. Mtu ambaye mshono wake umevuja kawaida angekuwa na homa kali na tumbo gumu kama ubao. Akiwa kwenye steroidi nyingi, anaweza kuonekana ametulia tu huku ndani mambo yameharibika.

Shirika la Ulaya la Crohn na Kolaitisi, ECCO, limeweka alama ya kuangalia: prednisoloni ya miligramu 20 au zaidi kwa siku, kwa zaidi ya wiki 6, inahesabiwa kuwa inaongeza hatari ya matatizo ya upasuaji. Kama tembe zako ni za miligramu 5, hiyo ni tembe 4 kwa siku. Hesabu zako sai.

Hii ndo inafanya stori iwe ya kwetu. Kisheria prednisoloni ni dawa ya kuandikiwa na daktari, lakini wote tunajua venye mtaa hufanya kazi. Halafu kuna vile vidonge vya kuongeza mwili ambavyo watu huuziana. Vingine huwa na deksamethasoni ndani, na hiyo ni steroidi kali kuliko prednisoloni. Msee anaweza kufika thieta na miezi 3 ya steroidi mwilini, na kwenye fomu ameandika "situmii dawa yoyote".

Azathioprini: mpole kuliko jina lake

Azathioprini ni tembe ya kushusha kinga polepole. Ilitoka kwenye maabara ya Gertrude Elion na George Hitchings, ambao walishinda Nobeli ya tiba mwaka 1988. Huchukua miezi 2 hadi 3 kuanza kufanya kazi vizuri, na ukiwa juu yake lazima upimwe damu mara kwa mara, juu inaweza kushusha seli nyeupe ama kusumbua ini.

Kuhusu upasuaji, tafiti nyingi hazijaona ikiongeza maambukizi wala kuvuja kwa mshono. Ndo maana madaktari wengi huwaacha wagonjwa waendelee nayo hadi karibu na siku yenyewe. Tena ina faida ya pembeni: humsaidia mtu kushuka kwenye steroidi. Mradi seli nyeupe ziko sawa kwenye kipimo, hii si adui wako.

Sindano za kuzuia TNF: kesi iliyopungua nguvu

Infliximabu na adalimumabu ni dawa za kibayolojia. Zinashika TNF, ile protini ambayo mwili hutumia kupiga kengele ya vita. Infliximabu iliruhusiwa Marekani kwa ugonjwa wa Crohn mwaka 1998. Ni ghali, na kwa wengi huku Kwale haifikiki. Lakini kama unatibiwa Mombasa ama Nairobi, ama una ndugu Gulf ama Ulaya mwenye hii shida, utaisikia.

Kwa miaka mingi hizi sindano zilikuwa na jina baya. Tafiti zingine zilisema waliozitumia waliumwa zaidi baada ya kupasuliwa, zingine zikasema hapana. Shida ilikuwa hesabu. Nani hupewa sindano kali? Wale wagonjwa sana. Ukienda wodini utapata wenye magongo ndo huanguka zaidi, lakini gongo halijamwangusha mtu. Miguu ilikuwa mibovu kabla.

Basi watafiti wa Marekani wakafanya utafiti uitwao PUCCINI, hospitali 17, wagonjwa 947, matokeo yakatoka mwaka 2022. Waliotumia dawa ya kuzuia TNF ndani ya wiki 12 kabla ya kupasuliwa, 12.0 kati ya 100 walipata maambukizi ya sehemu iliyopasuliwa. Ambao hawakutumia, 12.6. Ukihesabu maambukizi ya kila aina, ni 18.1 kwa 20.2. Walipima hadi kiwango cha dawa kwenye damu, na bado hakukuwa na uhusiano.

Maana yake? Kama umbo la ugonjwa wako linataka kisu, kusukuma tarehe mbele wiki nyingi ati dawa itoke mwilini kunaweza kukuumiza bure. Kama upasuaji si wa haraka, madaktari wengi hupanga tu siku iangukie karibu na wakati wa dozi inayofuata. Ila uamuzi ni wao na wewe, si wa simu yako.

Na hizi zingine?

Tofasitinibu ni tembe mpya inayotoka mwilini haraka. Wasiwasi wake mkubwa ni damu kuganda kwenye mishipa, kwa hivyo husimamishwa muda mfupi kabla ya thieta, na daktari ndo anasema lini.

Sulfasalazini na mesalazini si za mbogi hii. Hazishushi kinga kwa njia ya kukuletea shida kwenye mshono.

Usiache ghafla. Soma hii mara mbili

Kuna msee atasoma juu hapo halafu atupe prednisoloni kwenye takataka. Bro, usijaribu.

Juu ya figo zako kuna tezi mbili ndogo, adrenali. Kila siku zinatoa kotisoli, homoni inayokusaidia kusimama ukipata mshtuko: ajali, homa, kisu. Ukimeza steroidi wiki 3 ama 4 mfululizo, tezi zinaona kazi inafanywa na mtu mwingine, zinalala. Ukiacha ghafla, hakuna kotisoli ya nje na hakuna ya ndani. Presha inaanguka, unatapika, unaishiwa nguvu, unaweza kuzima kabisa. Ukiwa kwenye thieta, hiyo inaweza kuua.

Ndo maana daktari wa usingizi, yule wa nusukaputi, lazima ajue. Akijua, anakupa hidrokotisoni kwenye mshipa ili mwili uvuke siku hiyo. Asipojua, anaona presha inashuka na haelewi kwa nini. Kushuka kwenye steroidi kunafanywa kwa ngazi, wiki kwa wiki, kwa mpango wa aliyekuandikia.

Mambo ya kwetu Kwale ambayo vitabu vya Ulaya hupita haraka

TB. Kenya iko kwenye orodha ya WHO ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB. TB ya tumbo hupenda kona ile ile ya Crohn, chini kulia, na zinafanana hadi kwenye kamera. Ukipewa steroidi ama sindano ya TNF na kumbe ni TB, umeifungulia mlango. Na TB iliyolala mwilini bila dalili inaweza kuamshwa na sindano hizo. Kwa hivyo vipimo vya TB, HIV na homa ya ini B vinafanywa kabla ya dawa.

Minyoo. Kati ya 2015 na 2017 kaunti yetu ilikuwa uwanja wa TUMIKIA, utafiti mkubwa ulioangalia kama kuwapa watu wote wa kijiji dawa ya minyoo kunashinda kuwapa watoto wa shule tu. Kwa minyoo ya safura, kuwapa wote kulishinda. Safura hunyonya damu, na kuingia thieta ukiwa na damu kidogo kunaongeza matatizo. Kuna binamu yake mbaya zaidi, strongiloidi, naye huingia kwa ngozi ukitembea bila viatu kwenye udongo mchafu. Kawaida hutulia mwilini miaka mingi. Ukimeza steroidi, anaweza kuzaana bila breki na kusambaa hadi mapafuni. Dozi moja ya albendazoli haimmalizi vizuri, dawa yake ni ivamektini. Mwambie daktari umekulia wapi.

Safari. Kamera ya utumbo na upasuaji mkubwa wa aina hii mara nyingi humaanisha kutoka Msambweni ama Ukunda kwenda Mombasa, kwa feri ya Likoni ama kuzungukia Dongo Kundu. Faili yako inaweza kubaki ng'ambo moja na wewe ng'ambo ya pili. Dawa suluhisho: piga picha kila pakiti ya dawa, kila matokeo, kila barua ya rufaa. Simu yako iwe faili yako.

Madaktari hupunguza vipi hatari?

Kama kuna muda, kuna mambo ya kufanya kabla ya kisu. Kushusha steroidi kadiri inavyowezekana. Kujaza damu na madini ya chuma. Kulisha mwili, juu mtu aliyekonda sana hupona vibaya, na mara nyingine hupewa vinywaji maalum vya lishe kwa wiki kadhaa. Kutoa usaha kwa sindano kama kuna jipu, ili upasuaji ufanywe tumbo likiwa limetulia. Na kuacha sigara. Kwa wenye Crohn, sigara huharibu mshono na pia huurudisha ugonjwa haraka.

Kama hakuna muda na steroidi ziko juu, daktari anaweza kukataa kuunganisha utumbo siku hiyo. Anatoa ncha nje ya tumbo na kuweka mfuko. Wasee wengi wakisikia mfuko wanaona maisha yameisha. Lakini mara nyingi ni wa muda. Kwa kolaitisi ya vidonda kuna mpango wa hatua 3: kwanza wanatoa utumbo mpana na kuweka mfuko, unashuka kwenye steroidi na kupata nguvu, miezi baadaye wanatengeneza kifuko cha ndani, mwisho wanafunga njia ya mfuko. Mfuko ni venye daktari anakataa kucheza kamari na mshono wako.

Kuna wakati wa kutongoja

Utumbo ukitoboka, ukiziba kabisa ama ukivimba vibaya, hakuna cha kusubiri dawa itoke. Unapasuliwa ukiwa venye uko.

Kwa shambulio kali la kolaitisi ya vidonda, unalazwa na kupewa steroidi kwa mshipa. Kufikia siku ya 3 madaktari huangalia: umeenda choo mara ngapi, na vipimo vya damu vinasemaje. Kama hakuna mabadiliko, wanakupa dawa ya pili ama wanaita timu ya kisu. Kukaa wodini wiki baada ya wiki ukiongezewa steroidi tu, ukingoja muujiza, ndo kunafanya watu wafike thieta wakiwa hoi. Kisu kilichochelewa huua kuliko kisu chenyewe.

Maswali ya kuuliza kabla ya kusaini fomu

1. Daktari, nimemeza hizi zote, na za chemisti, na za mitishamba. Ipi inabaki na ipi inasimama, na lini?
2. Nimekuwa kwenye steroidi wiki kadhaa. Je, daktari wa usingizi anajua?
3. Nimepimwa TB, HIV, homa ya ini B na minyoo?
4. Damu yangu ni ngapi, na tunaweza kuipandisha kabla?
5. Kuna uwezekano wa mfuko? Wa muda ama wa kudumu?
6. Dawa zangu zinarudi lini baada ya upasuaji?
7. SHA inalipa nini hapa na mimi najipanga na doo ngapi? SHA ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, kwa hivyo usitegemee kadi ya zamani.

Baada ya kisu

Swali la 6 ni muhimu juu kupasuliwa Crohn si kupona. Ugonjwa hupenda kurudi pale pale kwenye mshono, na kwa wengi dawa za kushusha kinga hurudishwa ili kuuzuia. Kwa kolaitisi ya vidonda, utumbo mpana ukitoka wote, chanzo kimeondoka, lakini steroidi bado zinashushwa kwa ngazi.

Ukiwa nyumbani, angalia haya: homa ama baridi ya kutetemeka, maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, tumbo kuvimba, kutapika, usaha kwenye kidonda, moyo kwenda mbio, mguu mmoja kuvimba, ama kukosa pumzi. Na ukumbuke steroidi hunyamazisha dalili, kwa hivyo kama bado unazimeza, usingoje homa ndo uamini kuna shida. Ukiskia tu mwili haukai sawa, tafuta gari uende Msambweni ama kituo kilicho karibu, na ukifika waambie maneno mawili kabla ya yote: nimepasuliwa, natumia steroidi.

Mtumie hii yule msee wako anayemeza prednisoloni kimyakimya. Anajijua.